Jabali Hutengenezwa na Yule Anayeangushwa

Hakuna kampuni kubwa ya mieleka ya kulipwa ambayo haijawahi kuwa na mtu wa aina hii: kifua kipana, shingo nene, mapaja yaliyojaa, lakini akisimama karibu na wenzake kichwa chake kinaishia kwenye mabega yao, na pamoja na hayo wakubwa wake wanaamua kumtangaza kuwa yeye ndiye jabali, ndiye mwenye nguvu kuliko wote waliomo. Hapa Lubumbashi, ambako wengi wetu hufuatilia kachi, yaani mieleka, ya Wamarekani kwenye televisheni na kuijadili kwa ukali uleule tunaoutumia kuijadili TP Mazembe, kesi ya mtu wa namna hiyo huwa haichukui muda. Mmoja anataja urefu wake kwa sentimita, mwingine anacheka, na hukumu inatolewa palepale kwamba ni uongo wa promota.

Siungi mkono hukumu hiyo, ingawa nakubali kwamba uongo upo, na tena upo mwingi, kwa kuwa karibu kila mwanamieleka hutangazwa akiwa ameongezewa sentimita kadhaa ambazo mama yake hakumpa. Ninachoamini ni kwamba jabali mfupi anapokataliwa na watazamaji, ni mara chache kosa kuwa katika mwili wake. Kosa huwa kwa waliompangia wapinzani, na katika namna wapinzani hao walivyokubali kuanguka mbele yake.

Tuangalie kwanza jinsi mtu anavyoinuliwa. Mwanamieleka anapomnyanyua mwenzake juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, yule anayenyanyuliwa huwa na kazi yake. Huruka kwa wakati uliokubaliwa, hujisukuma kwa mkono mmoja dhidi ya bega la anayemwinua, halafu hukaza tumbo na mgongo ili uzito wake usielemee upande mmoja. Akiamua kulegea, hata pandikizi la mtu lenye urefu wa mita mbili litashindwa na kuaibika mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo kumwinua mtu ulingoni ni ushahidi wa makubaliano zaidi ya kuwa ushahidi wa nguvu, na ndiyo sababu mashabiki wazoefu humheshimu sana yule anayemzoa mwenzake kutoka sakafuni akiwa amelala, kwa kuwa hapo msaada unaowezekana ni mdogo na kilo zinabaki kuwa kilo.

Katika kunyanyua vyuma, ufupi si kasoro hata kidogo. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, ambaye hakufikia sentimita 155, alishindana katika uzito wa kilo 60 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akapandisha kilo 190 hadi juu ya kichwa chake, yaani zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Mwenye mikono na miguu mifupi anakisafirisha chuma kwa umbali mdogo zaidi. Nasi wa Lubumbashi hatuhitaji kufika Seoul ili tuliamini jambo hilo, kwa maana wanaume wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa hadi mjini, wengi wao si warefu, na sijamsikia mtu akiwauliza sentimita zao.

Ulingo, hata hivyo, haupimi nguvu. Ulingo huonyesha miili miwili kwa wakati mmoja, na jicho huilinganisha kabla akili haijapata nafasi ya kusema neno. Hapo ndipo promota anapoanza kazi, au anapoiharibu.

Wa zamani walikuwa na bahati ya kuanza na nguvu iliyothibitishwa nje ya ulingo. George Hackenschmidt, aliyezaliwa Tartu katika nchi ambayo leo ni Estonia na kujulikana kama Simba wa Urusi, alikuwa na urefu wa kama sentimita 175 tu, lakini alikuwa ameweka rekodi za kunyanyua uzito kabla ya kuzijaza kumbi za London. Mwaka 1904, katika ukumbi wa Olympia, alikutana na Mturuki Ahmed Madrali, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye, na pambano likaisha kabla ya dakika moja kutimia huku mkono wa Madrali ukiwa umeteguka. Tatizo la Hackenschmidt lilikuwa kinyume cha lile tunalolizungumzia: promota wake, C. B. Cochran, ilimbidi amshawishi asiwamalize watu haraka hivyo, la sivyo hakuna ambaye angelipa kiingilio kwa ajili ya sekunde chache. Miaka michache baadaye, mwaka 1910, Gama kutoka India alifika mji huohuo akiwa mfupi kuliko Hackenschmidt. Waandaaji wakasita kumpanga kwa sababu ya umbo lake, naye akatoa tangazo la kuwaita wenye kujiamini waje awaangushe. Stanislaus Zbyszko, Mpolandi mwenye mwili mzito zaidi, alipokutana naye mwezi Septemba mwaka huo, alitumia karibu saa tatu akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka ili asigeuzwe. Sioni tangazo la nguvu lililo bora kuliko hilo, na aliyelitoa ni mpinzani.

Bruno Sammartino ndiye aliyeuleta mtindo huo katika enzi ya televisheni. Alikuwa na sentimita kama 178, mtoto wa kijiji cha Pizzoferrato nchini Italia, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili familia yake ilijificha milimani kuwakimbia Wajerumani, na ambaye alifika Pittsburgh akiwa kijana dhaifu mwenye afya mbovu. Mazoezi ya vyuma yalimbadilisha kiasi kwamba mwaka 1959 alisukuma kilo 256 akiwa amelala kwenye benchi, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Lakini rekodi hiyo ilikuwa ni namba tu kwa watu wa New York mpaka walipomwona akimwinua Haystacks Calhoun, mtu aliyetangazwa kuwa na zaidi ya kilo 270, ambaye hakuna aliyetarajia kwamba miguu yake ingeachana na sakafu. Tarehe 17 Mei 1963 alimshinda Buddy Rogers, aliyekuwa bingwa, kwa sekunde 48 na kuushika mkanda wa ubingwa kwa zaidi ya miaka saba. Ni vyema kukumbuka ni nani aliyeuchukua: Ivan Koloff, Januari 1971, katika Madison Square Garden, mtu ambaye naye hakuwa mrefu kuliko Sammartino, na ambaye kwa kweli alikuwa Mkanada aliyevalishwa Urusi. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba Sammartino alidhani masikio yake yameharibika. Wafupi wawili walikuwa wamesimama pale juu kama majabali, na katika ukumbi ule uliojaa hakuna aliyefikiria futi ya kupimia, kwa sababu walikuwa wamepangwa wao kwa wao.

Mfano ambao mimi huurudia kila mara mjadala huu unapozuka ni wa Taz. Peter Senerchia wa Brooklyn alitangazwa kuwa na sentimita 175, na mwanzoni alikuwa akiingia ulingoni akivaa manyoya na kuitwa Tazmaniac, mtu wa porini, jambo ambalo halikumfaa hata kidogo. Mwaka 1995 aliumia shingo vibaya. Aliporudi, kampuni ya ECW ya Philadelphia, iliyokuwa ikifanya maonyesho yake katika ukumbi wa zamani wa bingo, ilimgeuza kabisa: taulo kichwani, uso usiocheka, nguo nyeusi na rangi ya machungwa, kabali iliyochukuliwa kutoka kwenye judo, na sifa kwamba yeye ni mashine ya kurusha watu kwa supleksi, yaani kumkumbatia mpinzani, kumwinua na kumtupa nyuma.

Paul Heyman, aliyeiongoza ECW, alielewa kwamba supleksi ya Taz haikutakiwa kuonekana nzuri. Wapinzani wake walitua kwa mabega, kwa shingo, wakati mwingine kwa namna ambayo mtazamaji alifumba macho, na wengi wao, kama Sabu ambaye alipambana naye tarehe 13 Aprili 1997 katika onyesho la kwanza la ECW lililouzwa kwenye televisheni ya kulipia, walikuwa watu wepesi walioruka mbali waliporushwa. Ulingo wenyewe ulikuwa wa futi 18, mdogo kuliko ule wa futi 20 wa WWF, kampuni kubwa ya Marekani ambayo leo huitwa WWE, hivyo mwili wa Taz uliujaza. Wakubwa waliletwa kwa nadra na kwa mpango. Tarehe 1 Machi 1998, mjini Asbury Park, aliwekwa mbele ya Bam Bam Bigelow, mtu wa zaidi ya kilo 170 mwenye michoro ya moto kichwani. Taz alimng'ang'ania mgongoni kwa ile kabali yake. Bigelow, aliyekuwa anakosa pumzi, akajitupa chali pamoja naye, sakafu ya ulingo ikavunjika, na wote wawili wakatumbukia ndani ya shimo. Bigelow ndiye aliyetoka na kushinda. Lakini mkubwa aliyelazimika kubomoa ulingo ili ajinasue kutoka mikononi mwa mfupi amekwisha kueleza nguvu za mfupi huyo kuliko mtangazaji yeyote angeweza kueleza, na kushindwa kwa Taz siku hiyo kulimwongezea heshima.

Tarehe 23 Januari 2000 aliingia WWF, katika Madison Square Garden ileile, na kumlaza Kurt Angle kwa kabali. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Miezi saba baadaye, katika onyesho la SummerSlam, alishindwa na Jerry Lawler, mtangazaji wa mechi aliyekuwa na umri wa miaka 50. Muda si mrefu Taz mwenyewe akahamia kwenye meza ya utangazaji, na hadithi ya jabali ikaishia hapo.

Wengi husema kwamba aliangushwa na ufupi wake, kwa kuwa sasa alionekana kwenye jukwaa moja na majitu kama Undertaker, Kane na Big Show. Sikatai kwamba kamera haikumsaidia. Hata hivyo urefu wake wa Agosti ulikuwa uleule wa Januari. Kilichobadilika ni kwamba wapinzani wa WWF walikuwa na safari na mapambano mengi mno kila wiki, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angekubali kutua kwa shingo kila usiku ili mgeni aonekane mkali. Supleksi zikawa safi, wanaorushwa wakatua salama kwa migongo yao, na macho yakawa huru kuanza kupima sentimita. Naongeza kwamba mtu aliyejengwa kwa kutisha haponi akipewa ugomvi wa vichekesho na mzee wa kipaza sauti. (Lawler alikuwa fundi mkubwa wa mieleka, nisieleweke vibaya, lakini wajibu wake wakati ule haukuwa kupiga watu kabali.)

Mwanamieleka Goldberg ni upande wa pili wa somo hilohilo, ingawa yeye si mfupi kwa kipimo chetu cha kawaida. WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, ilimlisha kwanza watu waliomzidi kwa machache au wasiomzidi kwa lolote, mmoja baada ya mwingine, kwa miezi, na kila mmoja alianguka kwa haraka. Ilipofika tarehe 6 Julai 1998, alipomwangusha Hulk Hogan mjini Atlanta, na alipokuja kumbeba The Giant mwenye zaidi ya kilo 200, jicho lilikuwa limekwisha kuamua kitambo.

Kuna gharama ambayo mashabiki hatupendi kuihesabu. Tom Billington, Mwingereza aliyeitwa Dynamite Kid, alikuwa na sentimita kama 173 na mwili ambao kwa asili ulikuwa mwembamba. Ili aweze kusimama kati ya wazito alitumia steroidi, dawa za kukuza misuli, kama alivyokiri mwenyewe, na alijitupa kwa nguvu ambayo mifupa yake haikuumbiwa. Mwezi Aprili 1986, yeye na binamu yake Davey Boy Smith walitwaa mkanda wa timu za watu wawili katika WrestleMania ya pili, onyesho kubwa la WWF. Kabla ya mwaka huo kwisha mgongo wake ulikuwa umeumia kiasi cha kuhitaji upasuaji. Aliishia kwenye kiti cha magurudumu, akafariki tarehe 5 Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60. Hakuna aliyemlazimisha kwa bunduki, lakini biashara nzima ilikuwa ikimwambia kila siku kwamba kilo zake hazitoshi, na hilo ni shinikizo ambalo promota hawezi kulinawia mikono.

Kwetu Kongo tumelitatua suala la maumbile kwa njia yetu. Kachi yetu ina watu wa teknike, wanaopigana kwa ufundi, na watu wa fetishi, wanaotumia dawa za kichawi, na ambaye hajawahi kuuona upande wa pili ajue kwamba pale kijana mwembamba anaweza kumwangusha jitu bila kumgusa: anaimba, anatoa kitu kutoka kwenye nguo yake, anapuliza, na mkubwa anazunguka kizunguzungu na kuanguka. Edingwe wa Kinshasa alijipatia jina nchi nzima kwa mchanganyiko wa misuli na hofu ya namna hiyo. Ni burudani ambayo naipenda, na niliwahi kuona watoto wa mtaa wakitimua mbio kutoka safu ya mbele, na watu wazima kadhaa hawakubaki nyuma. Lakini fetishi haimtengenezi jabali. Inampa mfupi ushindi na kumnyang'anya nguvu, kwa kuwa hakuna anayeondoka uwanjani akisema kwamba kijana yule ana mikono mizito. Wanaondoka wakiuliza alikokwenda kuitafuta dawa. Mkubwa aliyeanguka naye hakupoteza kitu, maana nani angeshindana na dawa? Kwa promota ni njia rahisi, na urahisi wake ndio unaonifanya niamini kwamba vijana wetu wafupi wenye nguvu za kweli hawapewi nafasi ya kuzionyesha.

Wajapani walichagua njia nyingine. Rikidozan, aliyetoka kwenye sumo na ambaye asili yake ya Korea ilifichwa kwa umma, alipambana na ndugu Sharpe mwezi Februari 1954 mjini Tokyo, huku umati ukisongamana mbele ya televisheni zilizowekwa barabarani. Wale ndugu wawili walimpita kwa kimo, na tofauti hiyo haikufichwa kwa viatu wala kwa pembe ya kamera. Ndiyo iliyouzwa. Kila mkubwa alipoyumba kutokana na pigo la kiganja, kimo chake mwenyewe kilikuwa kinafanya kazi kwa faida ya Rikidozan.

Mrithi wa njia hiyo, kwa maoni yangu, ni Tomohiro Ishii wa kampuni ya New Japan. Ana sentimita 170, na shingo yake imezama kwenye mabega kiasi kwamba ukimwona amesimama peke yake ungemdhani ni fundi wa gereji aliyepotea njia. Hakuna anayemtangaza kuwa mrefu. Nguvu yake haikuanza kuonyeshwa kwa kuinua watu. Ilianza kuonyeshwa kwa kukataa kuanguka. Anapigwa kifuani, anasogea mbele. Anapigwa tena, anasogea tena, na yule anayempiga, ambaye mara nyingi anampita kwa kichwa kizima, anaanza kurudi nyuma kwa hatua ndogo, na uso wake ndio unaotuambia tunachopaswa kukiamini. Agosti 2013 alimshinda Hiroshi Tanahashi, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa kampuni hiyo, katika ukumbi mdogo wa Korakuen, na Februari 2014 akachukua mkanda wa NEVER, mmoja wa mikanda ya kampuni hiyo, kutoka kwa Tetsuya Naito. Ikifika dakika ya mwisho, anapomwinua mtu mzito wima na kumshusha kwa kichwa, watazamaji hawaulizi kama aliruka ili kumsaidia, hata kama aliruka.

Nimtaje pia Big E, kwa kuwa anathibitisha kwamba ukweli nao unauzika: alitangazwa kuwa na sentimita 180, alikuwa mnyanyuaji vyuma wa mashindano kabla ya kuingia mieleka, na Septemba 2021 alipomshinda Bobby Lashley na kutwaa mkanda wa WWE sikusikia mtu yeyote mtaani kwetu akilalamika juu ya kimo chake. Miezi michache baadaye alivunjika shingo aliporushwa nje ya ulingo, na hajarudi kupigana tangu hapo. Hata mwenye nguvu za kweli, zamu yake ya kurushwa ikifika, anakuwa mikononi mwa mwingine.

Katika Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kuna kijana ambaye promota wake ameanza kumnadi kwa mabango kama jabali la Katanga, akimwandikia sentimita 185 ambazo kila aliyepanga foleni naye anajua kwamba hana hata 170. Ana mgongo mpana na miguu mizuri, na nimemwona akimbeba mtu kutoka sakafuni bila msaada. Kama ningeulizwa, ningefuta namba hiyo kwenye bango na kuandika ya kweli. Ningempa kwanza wapinzani wa kimo chake wanaojua kuanguka vibaya bila kuumia, wala nisingemruhusu kucheka ulingoni au kumgusa mtu wa fetishi kwa mwaka mzima. Halafu ningemtafutia mkubwa mmoja, mzito kuliko wote wanaopatikana kati ya hapa na Likasi, ambaye hajawahi kunyanyuliwa na yeyote, wapambane mara mbili bila kijana kufanikiwa kumwinua, na mara ya tatu amwinue, taratibu, kutoka chini. Na huyo mkubwa alipwe zaidi ya kijana, tena alipwe kabla ya pambano.